Vidude vya Manjano Masikioni mwa Odhiambo

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye lango la mtaa wetu, Komarock, nikisimamia marufuku niliyoitunga mwenyewe: mwendesha bodaboda asiingie akisikiliza muziki. Odhiambo alipovua helmeti, nikaona vidude vya manjano masikioni. Havikuwa na waya. Mimi msomi nikaamua ni vya kisasa. Nilivichomoa, nikavitupa mtaroni.

“Unabeba watoto wetu ukisikiliza muziki?” nilifoka.

“Mathe, hizo ni za kuziba kelele ya upepo na injini. Sikio la kushoto lishakufa nusu. Nalinda kilichobaki.”

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Wiki tatu baadaye nilimwandikia: “Ndugu Odhiambo, marufuku nimeifuta. Humu bahashani mna jozi mpya ya vizibo. Nilipaswa kukuuliza kwanza, na kila pikipiki ikinguruma langoni, bado najikasirikia.”