Ratli Kumi na Nne za Maji

Mpaka leo nikiona mrututu, ile dawa ya buluu inayofanana na vipande vya chupa, damu inanichemka. Niliitwa mwizi kwa ajili yake.

Nilikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu huko Kuresoi, miaka ya hamsini. Viazi vilishikwa na ukungu, nasi tulivipulizia mrututu uliochanganywa na chokaa. Kila Jumatatu nyapara alipima ratli hamsini akanikabidhi. Wiki moja stoo ikavuja, gunia likalowa chapachapa. Nikaumwaga mrututu juu ya bati la jiko la kukaushia pareto, nikachochea kuni. Ulikauka mno, kufika mchana ulikuwa umepauka kama unga.

Nyapara akapima, mzungu akiwa amesimama kando. Ratli thelathini na sita.

"Haya, hizo nyingine umemuuzia nani?"

"Zimekauka tu, mzee."

"Mawe yanakauka! Bwana, umesikia? Huyu anakausha mawe!"

Vibarua wakacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeona tone la jasho langu likidondokea ule unga, na pale pale pakarudi kuwa buluu. Nikaomba tuumwagie maji, tupime tena. Mzungu hakutaka hata kutazama.

"Wewe iko mwizi, na rongo mingi. Kwenda!"

Akaandika barua ya kunifukuza, neno mwizi likiwa ndani. Bila barua safi, hakuna shamba lililokupokea.

Nilitangatanga mpaka Nakuru, nikapata kufagia maabara ya shule moja ambako hawakuuliza barua. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kuuliza sikuacha. Nikamweleza mwalimu wa sayansi kisa changu. Akachukua chaki.

"Molekuli hazihesabiki kwa vidole," akasema. "Kwa hiyo tunazihesabu kwa mizani. Moli moja ni idadi ile ile siku zote, iwe ya maji au ya mrututu. Uzito ndio unaotofautiana. Moli ya mrututu wa buluu ni gramu mia mbili na hamsini, na tisini kati ya hizo ni maji: kila molekuli imebeba maji matano. Wewe uliyafukuza manne. Shaba iliyomo, ambayo ndiyo dawa yenyewe, haikupungua hata chembe."

Akapiga hesabu ya ratli hamsini. Ikatoka thelathini na sita.

Dakika kumi! Dakika kumi za chaki zingeniokoa.

Nikamwomba aniandikie hesabu ile kwenye karatasi, nikapanda Kuresoi kwa miguu, siku mbili. Mzungu aliisoma akiwa amesimama barazani.

"Mimi najua hii," akasema. "Nilisoma shuleni."

"Basi niandikie barua nyingine, bwana."

"Hapana. Nani aliambia wewe kausha?"

Kumbe alijua! Mizani ikining'inia mbele yetu sote, alijua, au angejua kama angejisumbua kufikiri kidogo kwa ajili ya mtu kama mimi. Akanirudishia karatasi, akaingia ndani. Nikashuka kilima na barua ile ile mfukoni.