Mkataji Hasemeshwi

Upokoina Tairea hajawahi kumaliza darasa, na watu wa kituo cha sanaa cha mtaa wetu hapa Cannons Creek hawamfichi kwamba wanalijua hilo. Kituo kimo katika jengo lililokuwa bucha. Chumba cha baridi cha mwenye bucha ndicho sasa kinachotunza udongo wa wafinyanzi, na kwenye kulabu za nyama watoto wa kambi za likizo huning'iniza vikaragosi vyao vikauke rangi. Upokoina alifinyanga vikombe hadi alipojua kwa nini mkono wa kikombe huachia ndani ya tanuri, akaacha. Akahamia kwenye kuchapa picha kwa vibao vya mbao, akaelewa kwa nini wino hukataa kushika siku za mvua, akaacha. Darasa la kuchora watu lilimchukua muda zaidi, kwa sababu bega lilimshinda.

"Wewe unaonja masomo kama mtu anayezunguka meza ya karamu," Mama Ngametua, mshonaji mkongwe wa kituo, alimwambia mara moja mbele ya wenzake. "Mdomo umejaa, sahani tupu."

"Nikishaijua ladha, Mama, nimeshiba."

Upokoina alistaafu kutoka idara ya kufulia ya hospitali, ambako pia alikuwa na sifa ya kuuliza. Msimamizi wake wa zamani anakumbuka kwamba alitaka kujua kwa nini shuka za wodi fulani huchanika upande mmoja tu, na hakutulia hadi alipoenda mwenyewe kutazama vitanda.

Darasa ambalo hakuliacha ni la Jumanne, la kina mama wa Visiwa vya Cook. Hapo hushonwa tivaevae, shuka kubwa ambalo ua la rangi moja hutandazwa juu ya kitambaa cheupe na kushikizwa kwa mkono, jani kwa jani. Wanawake wote hushona. Anayekata ni mmoja. Kitambaa cha rangi hukunjwa mara tatu kikawa pembetatu nene, kisha mkataji huingiza mkasi bila kuchora chochote. Kikikunjuliwa, ua limeshatokea zima, limeanzia katikati na kufika kingoni. Mkasi ukishafunguliwa, hakuna anayemsemesha mkataji. Katika darasa la Jumanne mkataji amekuwa Mama Ngametua tangu kituo kilipofunguliwa, na Upokoina, pamoja na maswali yake yote, hakuwahi kumwomba mkasi.

Mwaka huu ilimlazimu. Mjukuu wake Teariki, ambaye nywele zake hazijaguswa tangu azaliwe na sasa zinamfika kiunoni, anakatwa nywele Desemba kabla ya kuanza shule mpya. Mvulana wa kwetu hukatwa nywele mbele ya ukoo mzima, ameketi kwenye kiti kilichofunikwa tivaevae. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umeshashikwa, na shangazi wa kisiwani Rarotonga walikuwa wanasubiri neno tu wapande ndege. Shuka hushonwa kwa miezi. Kama kitambaa hakingekatwa katika likizo ya Julai, Teariki angekalia kiti kitupu. Wiki ya kwanza ya likizo hiyo Mama Ngametua aliteleza kwenye ngazi za kanisa, na mkono wake wa kulia ukavunjika, ukatiwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Sasa nani akate?" aliuliza Tepaeru, binti wa Upokoina na mama wa mvulana.

"Nunueni blanketi," alisema Nooroa, ambaye hukaa karibu na birika na hana siku ya kunyamaza. "Lenye picha ya simbamarara. Litapendeza."

Mama Ngametua alimtazama Upokoina. "Bibi yake mtoto yuko hai," alisema.

Upokoina alijiandaa kama alivyofundishwa kwenye darasa la kuchapa. Alichora jani, akalikata kwenye karatasi ya kaki, akalirekebisha, akakata tena. Jumanne alipoitoa ile karatasi kwenye mkoba, Mama Ngametua aliigeuza kwa vidole vya mkono mzima.

"Tunashona, au tunatuma barua?"

"Nataka kuona kabla sijakata."

"Haya. Mkasi ni wako."

Kitambaa chekundu alichokileta Tepaeru kilikunjwa juu ya meza ndefu. Upande wa pili wa chumba watoto wa kambi waliambiwa waweke brashi chini, na kwa ajabu wakatii. Upokoina alibandika karatasi yake, akakata polepole, bila kusita. Mama Ngametua alikuwa amekaa mbele yake, plasta juu ya paja. Upepo wa kusini ulikuwa unatikisa mabati.

Walipokikunjua, palitokea mimea minne midogo, kila mmoja kwenye pembe yake ya meza. Katikati hapakuwa na kitu.

Nooroa alikuwa wa kwanza. "Angalau pembe zimependeza."

"Mama!" Tepaeru alishika kichwa. "Watu wanataka kukata tiketi! Nitawaambia nini, mtoto akalie pembe?"

Upokoina alipiga magoti, akaokota vipande vyekundu, akaanza kuvikunja upya kama vilivyokuwa, mkunjo juu ya mkunjo. Ilimchukua muda kuona. Pembetatu ile ina ncha mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni kitovu cha kitambaa, nyingine ni kona yake ya nje. Alikuwa ameweka shina la ua kwenye kona.

Aliinua uso. "Mama, uliona?"

"Niliona ulipobandika karatasi. Nikadhani utaigeuza. Hukuigeuza, ukafungua mkasi."

"Ukanyamaza?"

"Mkataji hasemeshwi."

"Kanuni gani hiyo inayoharibu kitambaa kizima?"

Wengine waliacha walichokuwa wanafanya. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Nilipokata la kwanza," alisema Mama Ngametua, "shangazi zangu hawakuniacha. Kushoto. Punguza. Hapo weka tunda. Kila mmoja na lake. Lilitoka ua la watu saba, na mpaka leo hakuna anayetaka kulitandika. Hili lako ni bovu, lakini ni lako."

"Ni bovu kweli," alisema Nooroa.

"Wewe mimina chai. Upokoina, lete kidole."

Alimshika kidole cha shahada, akakipitisha kwenye ncha ya kwanza ya kitambaa kilichokunjwa, kisha kwenye ya pili. "Jicho litakudanganya, zinafanana. Hapa katikati kitambaa kimefumba, unasikia? Kule kimeachama kama mdomo wa Nooroa."

Upokoina alipapasa ncha moja, akapapasa nyingine, akarudia. Ndipo Mama Ngametua akamtuma Tepaeru nyumbani kwake akachukue kitambaa cha zambarau kabatini.

"Hicho si cha kwako, Mama?" Tepaeru aliuliza.

"Nilikiweka kwa wajukuu zangu. Wamenyolewa wote kwa kinyozi. Nenda."

Ile mimea minne walipewa watoto wa kambi, ambao waliigombania kwa kelele. Kelele zilikoma cha zambarau kilipolala mezani, kimekunjwa. Upokoina alipapasa ncha kwa kidole, akafumba macho, akapapasa tena. Kisha akachukua karatasi yake ya kaki na kuibandika. Mama Ngametua alifungua mdomo, lakini mkasi ulikuwa umeshagusa kitambaa, akafumba mdomo.

Safari hii aliingia kwa hofu, na mara mbili alisimama kugeuza mkasi. Walipokunjua, ua lilikuwa moja, kubwa, limeshikana katikati. Wanawake waliachia pumzi. Mama Ngametua alizunguka meza taratibu.

"Jani hili limelewa."

"Naliona."

"Na lile."

"Naliona pia. Sijajua kwa nini. Nadhani mkunjo wa ndani ulihama nilipogeuza mkasi."

"Unadhani," alisema Mama Ngametua, akaanza kugawa sindano kwa mkono wa kushoto.

Tepaeru alikuwa ametoka barazani na simu, akipiga Rarotonga, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya upepo.

"Shangazi, kateni tiketi," alisema. "Limekatwa leo... La zambarau... Hapana, Mama Ngametua kavunjika mkono. Mama ndiye kakata." Aliibana simu sikioni, akisikiliza. "Ndiyo, shangazi. Huyo huyo."