Ua Moja Lililozidi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, hapa hapa mtaani Mlandege, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kofia ilipokataa kuwa kofia. Ngoja nikusimulie, kisha tutarudi kwenye hiyo programu yako iliyokunyima usingizi.

Marehemu shangazi yangu, Bi Zuwena, alisimamia kazi ya kofia za viua, zile za kitambaa cheupe zinazopambwa kwa maua ya vijitundu yaliyoshonwa kwa mkono. Kofia moja ilipita mikono mingi. Mimi nilishona ukanda wa pembeni, na duara la juu alilishona Bi Mwanakheri, kwao kisiwani Tumbatu. Kila mshonaji na namna yake: huyu hutumia mkono wa kushoto, yule nyuzi nene, na shangazi hakumwingilia mtu. Alitugawia kitu kimoja tu, kipande cha uzi, kipimo cha kichwa.

"Shoneni mtakavyo," akisema, "lakini uzi huu ni wetu sote."

Kofia ninayokuambia ilikuwa ya mtoto pekee wa Bi Mwanakheri, ya kuvaa siku ya nikaha yake. Mama yule macho yalishaanza kufifia, na alijua hatashona duara jengine. Na mimi, binti niliyesifiwa mno, nikaona ukanda wangu utapendeza zaidi nikipenyeza ua moja katikati. Ukanda ukarefuka kidogo, nami sikumwambia mtu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Harusi ilipokaribia, Bi Mwanakheri akaja na duara lake amelifunga kwenye leso. Shangazi akaliweka juu ya ukanda wangu. Likazama ndani, kama kifuniko cha sufuria nyengine.

Bi Mwanakheri akalipapasa. "Labda mie ndo n'lokosea, Bi Zuwena. Macho haya! Nipe nkalifumue."

Moyo uliniuma, mwanangu, lakini nikainama nikajifanya naokota sindano. Shangazi akachukua uzi, akapima duara: sawa sawa. Akapima ukanda. Kisha akanitazama bila ya ukali.

"Ua zuri hili, mwanangu. Wallahi, zuri. Lakini mwenzio hukumwambia."

"Naam, shangazi."

"Basi asobadilisha hafumui. Atafumua alobadilisha."

Vitambaa vilikuwa adimu siku zile, kwa hivyo kukata ukanda mpya haikuwezekana. Nikafumua nusu nzima ya kazi yangu, nikaufua ukanda ili matundu ya sindano yajifunge, nikaanza upya huku nalia. Shangazi alikaa ubavuni mwangu akinitilia uzi kwenye sindano, wala hakunikumbusha kosa langu hata mara moja. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Kwa taabu nikawahi. Bi Mwanakheri akamvisha mwanawe kofia, akapitisha kidole gumba pale ukanda unapokutana na duara, akazunguka, akarudia tena. Akacheka.

"N'natafuta palipoungwa, sipaoni!"

Sasa wewe, mwanangu. Unasema kazi yako inatumika kwenye simu na kompyuta za kila aina, kila moja na tabia yake, na waliojenga juu yake wengine huwajui hata majina. Na ile sehemu ya nje wanayoshikia, pale programu zao zinapoungana na yako, unataka kuibadilisha kwa sababu umepata iliyo nzuri zaidi. Ya ndani yafumue upendavyo, hayamhusu mtu. Lakini ya nje yafanye machache, maana kila uliloliweka mikononi mwa watu ni ahadi, na ahadi ni deni. Usiwapangie washike vipi sindano. Ukilazimika kuleta jipya, waambie mapema, na la zamani liache lisimame mpaka wa mwisho wao ahamie. Na ukikosea, fumua wewe. Usimwachie asiye na kosa ajilaumu kwa macho yake.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya kuuliza kwanza. Akuhifadhi wewe, na awahifadhi wale usiowaona, wanaoshona mbali huko kwa kukuamini. Amin.