Pete za Klarineti

Klarineti ya baba ni ya mti mweusi, na kila kipande kinapoungana na kingine kuna pete ya chuma. Kiangazi cha hapa kambini Nakivale kinaukausha mti, pete zinalegea, na pete ikilegea mti hupasuka. Basi baba hukata kitambaa chembamba, akauzungushia mti, akairudisha pete kwa nguvu. Tangu mama afariki, anachokata ni kilemba cha hariri cha mama, kitu chake pekee tulichotoka nacho Kongo.

Nilimnunulia hariri mpya mjini Mbarara, akasema inateleza. Nikampeleka Kakoba, mjini humo humo, kwa sonara, yule anayepunguza pete za ndoa, naye akakubali kuzibana pete za klarineti zisilegee tena. Baba akamnyang'anya klarineti.

"Mvua ikikuya, muti utavimba na utapasuka. Twende, mwanangu."

Tukarudi nyumbani. Kilemba kimebaki upana wa kiganja, na wingu hata moja halionekani.

Leo asubuhi pete imedondoka tena. Baba anapekua nyumba nzima akitafuta mkasi, ananiuliza kama nimeuona. Namjibu sijauona. Nimeukalia.