Mtafiti wa Pesa za Simu

Huyu ndiye mtafiti wa pesa za simu, aliyeimaliza mitaa ya Msamala kwa miguu, akapanda mlima Matogoro na mvua yake, akaja soko la Lizaboni kutuuliza sisi wauza maharage jinsi simu zinavyoinua biashara. Shikamoo haimpiti, na ukimjibu hutulia kwanza, ndipo kalamu yake iguse karatasi. Juzi alimuuliza jirani yangu Kasiana kama anajua kupokea malipo kwa simu. “Sana, mwanangu!” Akaandika. Mara mteja akalipa, na Kasiana akampa mteja yuleyule simu amsomee ujumbe. “Imeingia yote, mama,” mteja akasema, akaenda zake na debe la maharage. Yule binti mtafiti akauchungulia ujumbe: imeingia nusu. “Nyamaza, wasinicheke,” Kasiana akamnong'oneza.

Binti akafungua mkoba. Karatasi mia mbili, kazi ya miezi mitatu, zote zimejibiwa “najua”. Akazipiga mstari moja moja. “Wewe, si chuo kinazingoja Ijumaa?” nikamuuliza. “Kitaungoja ukweli, bibi.” Wasomi nimewaona tangu mji huu una barabara moja; wa kufuta kazi yake mwenyewe sijamwona. Kisha akanisogezea kiti chake. “Mimi wananionea aibu. Kesho utauliza wewe, mimi nitaandika.”