Jumamosi Tuliyomkarabatia Bibi Nyumba

Mtaa wetu unajua kuzika. Mtu akifariki asubuhi huku kwetu Mafiga, kabla ya adhana ya adhuhuri turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wanaume wanapasua kuni na akina mama wameinjika maharage kwenye masufuria ya kikundi. Hatuulizani dini. Wakristo tunajua kukaa matanga ya Waislamu, na Waislamu wanazijua nyimbo zetu za mazishi mpaka ubeti wa mwisho. Mgeni akifika siku hiyo atadhani ameangukia kwa malaika. Arudi wiki inayofuata kuazima nyundo, ndipo atatujua vizuri.

Mimi ni katibu wa kikundi hicho cha kufa na kuzikana tangu nilipostaafu ualimu. Nina mdomo na sina subira. Niliowafundisha hawatakuficha hilo. Kwa miaka mitatu niliwasumbua wenzangu kwamba watu wanaoweza kuhamisha mtaa mzima kwa ajili ya maiti wanaweza pia kumtengenezea jirani nyumba angali hai. Walinikubalia nusunusu. Tulichimba mtaro wa maji yanayoshuka kutoka mlimani, tukajaza kifusi kwenye mashimo ya njia. Lakini kila nilipoitaja nyumba ya bibi jirani yangu, mkutano ulianza kukohoa. Ana watoto wake Dar, walisema. Nyumba ya mtu ni mambo ya familia yake, tutaingiliaje? Kisha wakahamia ajenda nyingine.

Bibi alikuwa Mluguru wa huko milimani, juu ya Mkuyuni. Alishuka mjini akiwa mke kijana, mumewe alipopata kazi kiwandani Mzinga. Mume alitangulia zamani, akamwachia nyumba ya udongo ya vyumba viwili, jiko la nje la mabanzi na kipande cha uwanja. Uwanja huo aliulima wote, mpaka mlangoni. Kwenda kwake ulipita kinjia chembamba katikati ya matuta ya mchicha, mnafu na matembele, na ukikanyaga pasipostahili, ungesikia.

Nilipohamia jirani naye nyumba yangu haikuwa hata na madirisha, na mwanangu alikuwa bado ananyonya. Siku ya pili bibi alikuja na makaa ya moto kwenye kigae na fungu la mnafu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mtoto nipe mimi. Wewe nenda shule ukafundishe."

Alimlea mwanangu mpaka akaanza chekechea, na hakutaka chochote kwangu isipokuwa nimsomee karatasi zake, maana kusoma hakujaliwa. Barua za watoto, kadi za hospitali, matangazo ya jumuiya ya kanisa, vyote nilimsomea mimi. Kwa hiyo ninaposema nilitaka nyumba yake itengenezwe, sikuwa natafuta sifa. Nilimpenda yule mama.

Masika ya mwaka wa tatu wa kelele zangu, ukuta wa choo chake uliporomoka. Yale magogo ya juu ya shimo yalikuwa yameoza tangu zamani, na kila nilipomwona akizunguka nyuma ya nyumba na kopo lake la maji, nilisimama nikimchungulia mpaka arudi. Chumba chake cha kulala nacho kilikuwa kimepasuka pembeni kiasi cha kupitisha mkono. Nikaenda tena mkutanoni. Wakakohoa tena. Bibi mwenyewe hakuwepo, miguu yake ilikuwa imekwishagoma kutembea mbali.

Nikainuka kwa hasira. "Haya," nikasema, "tuseme msiba umetokea pale leo. Turubai mtafunga wapi? Wageni watakaotoka Dar na mlimani mtawaweka wapi? Na watajisaidia wapi, kwenye matuta?"

Mwenyekiti akavua kofia yake, akaitazama kama vile haijui. Mtaa wetu unaweza kuvumilia mengi, lakini aibu ya msiba hauiwezi. Fundi mmoja akasema ana tofali zilizobaki kazini kwake. Mwenye kigari cha mizigo, Kirikuu, akajitolea tripu mbili za mchanga. Akina mama wakagawana saruji, nani mfuko mzima, nani watachangia wawili wawili. Ndani ya robo saa nilikuwa nimepata nilichokikosa miaka mitatu, na nikarudi nyumbani nikijiona mjanja. Nilipita kwa bibi kumwambia kwamba majirani watakuja Jumamosi kumsaidia kidogo. Sikumwambia nilivyowapata. Alifurahi, akaniuliza watu watakula nini.

Jumamosi wakaja, na walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Siwezi kudanganya, siku ile ilikuwa nzuri. Mawingu yalikuwa yameshuka yakafunika nusu ya mlima, jua halikutuchoma, na watu walikuwa wanataniana huku wakipokezana ndoo. Choo kilipanda tofali kwa tofali. Ukuta uliopasuka ukabomolewa, ukajengwa upya, ukapigwa lipu. Chakula kilipikwa kwenye masufuria ya kikundi, kwa sababu ndiyo makubwa tuliyo nayo.

Nilikuwa bombani nikikinga maji. Niliporudi nilikuta matuta ya mbele yote yameshasambaratishwa na uwanja umesawazishwa, mwekundu, kutoka njiani mpaka mlangoni. Mchicha ulikuwa umerundikwa pembeni pamoja na magugu. Nikamwuliza aliyeshika jembe ni nani aliyemtuma. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Sasa mwalimu, turubai tutalifunga juu ya mchicha?"

Na fundi naye alikuwa ameng'oa fremu ya mlango wa mbele, anakata ukuta kuupanua. "Huu ulivyokuwa," akasema bila kugeuka, "sanduku lingepita kwa ubavu."

Hapo ndipo nilipotazama bibi yuko wapi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko lake, mikono mapajani, anatuangalia. Palikuwa na kelele nyingi, ndoo, koleo, vicheko, nikajiambia hajasikia. Sisi wenye haraka tuna kipaji hicho, cha kujiambia mambo. Kazi ilipokwisha alisimama akamshika mkono kila mtu, mmoja mmoja, akashukuru. Watu wakaondoka wamefurahi.

Kesho yake nikitoka misa nilipita kumwona. Alikuwa jikoni anachambua mlenda. Alipokea shikamoo yangu, akanisogezea kigoda, kisha akauliza:

"Mwalimu, ile siku uliyonipeleka hospitali, daktari alikwambia nini mlipobaki wenyewe?"

"Hakuniambia kitu, bibi. Presha tu. Dawa ndizo zile."

"Usinifiche, mimi si mtoto."

"Sikufichi."

Akaendelea kuchambua. "Mume wangu aliporudishwa kutoka hospitali, shemeji zangu walikuja wakafyeka uwanja, wakakandika ukuta, wakachimba choo kipya. Yeye akasema, ona ndugu zangu wanavyonipenda. Mimi nikanyamaza. Siku ya tisa tukamzika." Akaninyanyulia macho. "Nyumba inavyoandaliwa naijua, mwanangu. Hata masufuria yale nayajua, nimeyapikia miaka yote."

Nikaapa kwamba si hivyo. Nikasema watu wamemhurumia tu, wametaka akae pazuri.

"Basi niambie, mlango ulikuwa na kosa gani? Mimi nilikuwa napita."

Nikasema fundi alikosea vipimo. Nimewachapa watoto kwa kusema uongo mdogo kuliko ule.

Bibi hakulala katika chumba tulichomjengea hata siku moja. Alihamishia kitanda chake cha kamba jikoni, kwenye moshi na mabanzi yanayopitisha upepo. Nyumba aliifagia kila asubuhi, akakung'uta mkeka akaukunja, akafunga mlango. Choo alikitumia, na alikisifu. Ila uwanja ule hakuulima tena, na mimi nilipomletea mbegu za mchicha alizipokea akaziweka juu ya dari ya jiko. Baada ya muda nikagundua kwamba dawa za presha nazo amezikalia, hazimezi. Za nini, akaniuliza, na siku zenyewe mmeshazihesabu?

Niliumia, na kama kawaida yangu maumivu yakatokea mdomoni. Nilimwendea mwenyekiti nikamfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba maneno ya turubai yalitoka kinywani mwangu mimi. Nilirudi nyumbani nikalala juu ya kitanda na viatu vyangu, nikalia kwa hasira, kwa kuwa alisema kweli.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa bibi nikamweleza yote. Nilivyoshindwa miaka mitatu, nilivyoinuka, nilichosema, mikono ilivyonyooka. Sikujitetea. Hospitali hawakusema kitu, nikamwambia. Mimi ndiye niliyekutangazia msiba ili wakujengee.

Hakushtuka. "Nilijua kuna mtu amelitamka neno la msiba," akasema. "Mtaa huu niliufikia kabla yenu. Kinachowainua watu hawa nakijua." Akalitazama jiko lake. "Wao siwalaumu. Ila wewe ulikuwa unanipenda. Wewe ungeniuliza kwanza nataka nini."

"Ulikuwa unataka nini, bibi?"

"Choo," akasema. "Na mchicha wangu muuache."

Kabla ya mvua za vuli akaamua kupanda mlimani, kwa mtoto wa marehemu dada yake, kwenye shamba la ukoo wa mama yao. Nilimsihi asiende. Nilimwambia tutarudisha matuta, nitayalima kwa mikono yangu, mlango tutauziba. Alicheka, kicheko cha kweli, akasema mwalimu na jembe wapi na wapi. Akanikabidhi ufunguo. Mkipata msiba mtaani, akasema, itumieni, uwanja ni mpana. Akapanda gari la Mkuyuni akiwa na kitanda chake cha kamba, sufuria mbili na kuku mmoja, na watu wengi tulitoka kumpungia.

Tuliitumia. Kila msiba tangu hapo wageni wa mbali wamelala katika vyumba vile, na hakuna aliyewahi kulalamikia choo. Watu wa mitaa mingine walikuja kuuliza tumefanyaje, na mwenyekiti aliwaeleza kwa fahari, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa nauliza habari za bibi kwa wauza mboga wanaoshuka kutoka huko. Yu mzima, walisema. Nilipanga kwenda kumwona kila mwezi kwa miaka miwili, na kila mwezi nilipata sababu. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Kisha asubuhi moja mama muuza karoti alitua kapu lake kwenye baraza yangu, akasema, "Poleni na msiba wa bibi." Nikamwuliza bibi yupi. Akanitazama kwa mshangao. Walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Mtaa uliipokea vibaya habari hiyo. Kikundi kinachozika mpaka wapangaji waliokaa mwezi mmoja hakikuitwa kumzika mtu aliyekuwemo tangu mwanzo! Wengine walisema ndugu zake wana dharau, wengine wakasema pengine simu haikushika huko juu. Tukakubaliana niende nipeleke pole, na niseme kwamba siku ya arobaini tutapanda sote na maturubai, viti na masufuria yetu.

Nilipanda gari mpaka Mkuyuni, bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha nikakwea kwa miguu nikipumzika kila kona. Mpwa wake alinipokea vizuri. Mkewe akanipa chai na magimbi, akanisimulia kwamba bibi alikuwa na nguvu hadi mwisho. Dawa za presha alianza kuzimeza tena mwezi wa kwanza tu alipofika, na mtoto wao alikuwa akimkumbusha. Maharage yaliyokuwa yakikauka uwanjani alikuwa ameyapanda yeye, na mchicha ulikuwa umefika mpaka kizingitini. Aliugua siku mbili, akapumzika.

Nikatoa ujumbe wa kikundi. Nikaeleza habari ya arobaini, maturubai, viti, watu wangapi tutakuja. Mume na mke wakatazamana. Mpwa akaweka kikombe chake chini.

"Mwalimu, mtuwie radhi," akasema. "Alituachia neno. Alisema watu wa Mafiga tusiwasumbue, ninyi msiba wake mlishaufanya."

Nadhani uso wangu ulimtisha, kwa maana aliongeza haraka kwamba hakulisema kwa ubaya, alilisema akitabasamu, akichambua mboga zake. Nikamwambia ndiyo, namjua. Kisha nikaomba anionyeshe kaburi. Akanitangulia kwenye kinjia, akaniomba niangalie nisikanyage matuta.