Banda la Magunia

Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi nilirudi Juba kutoka Kenya, nikapata kazi ya kuchora ramani ya bandari ya mtoni. Bandari yenyewe ilikuwa ukingo wa matope, mbao za kushukia, na banda refu la mabati lililojengwa zamani ili magunia ya mtama na sukari yasinyeshewe. Lakini tishari, vyombo bapa vya mizigo kutoka Kosti huko kaskazini, sasa zilianza kuleta makontena, na mhandisi aliyeniajiri, Mkenya, alitaka uwanja wa wazi.

“Kontena halihitaji paa,” aliniambia. “Linataka ardhi ngumu na kreni.”

Ndani ya banda waliishi watu waliorudi kutoka ukimbizini kwa tishari hizo hizo, wakingoja kupelekwa makwao. Mama mmoja alinishikia ncha ya futi nilipokuwa nikipima. Mumewe alikuwa amelala mkekani, miguu imevimba. Nilipitisha futi juu yake bila kumtazama usoni.

“Unapima nini, binti yangu?” mama aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba.

“Bandari mpya, mama.”

“Na sisi tumo?”

Nilisema nitamuuliza mhandisi. Nilimuuliza kweli. Akasema watu ni kazi ya ofisi nyingine, sisi tuchore. Nikachora uwanja, njia ya malori na mahali pa kreni. Penye banda niliweka mistari ya vipande na kuandika: litabomolewa.

Lilibomolewa mvua zilipoanza. Watu walipakiwa kwenye malori, wakashushwa Mangateen, pembezoni mwa mji. Wiki tatu baadaye nilimpata yule mama huko, chini ya turubai, peke yake. Mumewe walikuwa wamemzika Jumanne.

“Maji yaliingia tulipolala,” alisema. “Kifua kikambana, basi.”

Hakunilaumu. Aliuliza tu kama makontena yameshapangwa pale walipokuwa wakiishi. Nikamwambia kreni haijafika, ni patupu, pamejaa madimbwi. Aliendelea kukamua blanketi lake lililolowa. Afadhali angenitukana.

Jumatatu nilirudi kazini. Mhandisi alikuwa na vipimo vya tishari mpya, ndefu kuliko za kwanza. Alitaka gati lirefushwe upande wa kusini, hadi kwenye nyumba za watu. Nilichonga penseli, nikaanza.